Desturi ya Kwetu

Ofisi yetu iko Gangilonga, chini ya jiwe
ambalo Wahehe wa zamani waliliita jiwe linenalo.
Wiki tatu nalitazama dirishani, halijanena.
Aliyetumwa kunena ni mimi:
mwanafunzi wa mawasiliano, mwaka wa pili,
mafunzo kwa vitendo, posho ya nauli,
kamera ya kuazima yenye mkanda uliopigwa fundo.

"Niletee hadithi moja," alisema Bwana Mwalongo.
"Maneno mia mbili, picha moja.
Mtoto awe na macho."
Sikuuliza kama wapo wasio nayo.

Nikapanda Kilolo kwa bodaboda, ukungu ukinilowesha nyusi.
Niliitafuta njaa kama nilivyozoea kuiona pichani:
mbavu, nzi, sufuria tupu.
Nikakuta magunia ya mahindi yamegusa dari,
viazi vimelala uvunguni kama wageni wa msiba,
na Ezekia, miaka mitatu na nusu,
mashavu kama andazi.

Mama Nyaulingo, mhudumu wa afya, akamsimamisha kwenye ubao,
akateremsha kipimo mpaka utosini.
"Themanini na tisa." Akaandika kwa penseli.
Sikujua, mama wa mtoto, akacheka:
"Kafuata babu yake. Huku warefu ni misindano tu."

"Anakula nini?" nikasoma kwenye fomu.
"Anashiba."
Nikaandika: anashiba.
Neno hilo halina kosa, ndiyo shida yake.

"Na mayai?"
Kuku walikuwa wanapita katikati ya miguu yetu.
"Mayai ni ada ya dada yake."

Kalamu ikasimama.

Kwetu Makambako trei la mayai lilikaa juu ya kabati,
tukilitazama kama saa ya ukutani.
Trei moja, daftari. Matrei mangapi sijui, sare,
na hivyo hivyo hadi chuo.
Mdogo wangu Lusungu ndiye aliyeyaokota kila asubuhi,
yangali na joto, akayafikisha bila kuvunja hata moja.
Leo ana miaka kumi na mitano
na kichwa chake kinaishia kwenye kifungo cha pili cha shati langu.
Nyumbani tunasema kafuata babu.

Nilipoaga, Sikujua akaniletea mayai matatu
kwenye kitambaa, mikono miwili, goti limeinama.
Nani hukataa?
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliosema,
na mgeni mwenyewe ndiye huyu:
fulana imeandikwa LISHE BORA kifuani,
anakaribia kuondoka na chakula cha mtoto
kwenye mfuko wa kamera.

Nikadanganya.
Nikasema: "Kwetu yai la mgeni halivuki kizingiti.
Hupikwa papo hapo, na mtoto wa nyumba
ndiye anayeonja kwanza. Ukilibeba, mkosi."
Desturi hiyo haipo Makambako,
wala popote ninapopajua.
Miaka miwili ya mawasiliano, na hiyo
ndiyo sentensi yangu ya kwanza iliyofanya kazi.

Sikujua alinitazama kitambo.
Jina lake ni jina tu; nadhani alijua.
Akatia maji sufuriani.

Ezekia alikula la kwanza, akala la pili,
kiini kikamkwama, akanywa maji, akarudi.
La tatu tuligawana watu wazima watatu,
kwa chumvi, bila maneno.

Usiku nilipiga simu nyumbani. Akapokea Lusungu.
Nikamuuliza kuku wamebaki wangapi.
"Saba," akasema. "Kwani vipi?"
Nilikuwa na la kusema. Salio likaisha kabla yangu.

Maneno mia mbili nimeyaandika.
Yamo magunia, umo ubao, imo themanini na tisa.
Yai halimo, halikupata safu kwenye fomu.
Bwana Mwalongo amesema picha ni safi,
ila mtoto kafumba macho.

Ndiyo, kafumba.
Alikuwa anatafuna.